Oliver Tambo: Balozi wa Taifa Lililonyimwa Serikali

Utangulizi

Yanapotajwa majina ya mashujaa walioung'oa utawala wa ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini, jina la Nelson Mandela ndilo hutangulia. Ni haki litangulie. Hata hivyo, katika miaka 27 ambayo Mandela alikuwa kifungoni, aliyeshika usukani wa chama cha ANC kwa muda mrefu zaidi alikuwa rafikiye wa ujanani, Oliver Reginald Tambo, mtu mpole wa sauti ya chini aliyeishi uhamishoni kwa miaka 30. Hakuwa na nchi ya kutawala, wala bunge, wala hazina ya kodi. Alichokuwa nacho ni mkoba wa nyaraka, tiketi za ndege na subira.

Aghalabu huchukuliwa kwamba ulimwengu mzima uliungana dhidi ya ukaburu. Historia haisemi hivyo. Karibu kila serikali ilikiri kuwa ukaburu ni uovu, lakini serikali hizo hazikuafikiana kuhusu la kufanya. Zilitofautiana zaidi kila mara watawala wa Pretoria walipolegeza kamba kidogo. Je, dhalimu anayepunguza dhuluma yake apewe mkono ili apunguze zaidi, au akazwe mpaka aiache kabisa? Wapo walioshikilia kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Wapo walioona kuwa nusu shari ilikuwa mbinu ya kuirefusha shari yenyewe. Tambo aliishi katikati ya mabishano hayo, na mara nyingi waliobishana naye walikuwa marafiki waliompa hifadhi.

Malezi na Elimu

Tambo alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Kantolo, karibu na mji mdogo wa Bizana, katika nchi ya Wapondo iliyo mashariki mwa Rasi. Babake, Mzimeni, alimpa jina la Kaizana, linalotokana na cheo cha mfalme wa Ujerumani, Kaiser, ambaye wakati huo alikuwa vitani dhidi ya Waingereza. Nchi ya Wapondo ilikuwa imetwaliwa na Waingereza mwaka 1894, na mzee huyo alitumia jina la mwanawe kuonyesha kutoridhika kwake. Jina la Oliver lilikuja baadaye, shuleni. Kwa mujibu wa desturi za kwao, alichanjwa chale mashavuni, na chale hizo zilibaki zikimtambulisha hata alipokuwa amevaa suti katika kumbi za Umoja wa Mataifa.

Alisoma katika misheni ya Kianglikana ya Holy Cross, kisha akapelekwa shule ya St Peter's mjini Johannesburg. Huko alionyesha kipawa kikubwa cha hisabati, akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Fort Hare na kuhitimu shahada ya sayansi mwaka 1941. Mwaka uliofuata, akiwa kiongozi wa wanafunzi wakati wa mgomo, alitakiwa kutia saini ahadi ya utiifu ambayo dhamiri yake haikuikubali. Alikataa, akafukuzwa chuoni. Tukio hilo lilidokeza tabia ambayo baadaye ingewashangaza wanadiplomasia wengi: mtu asiyepaza sauti, lakini asiyetia saini jambo asiloliamini.

Alirejea St Peter's kufundisha hisabati na sayansi, na pia aliongoza kwaya. Muziki wa kwaya aliupenda hadi uzeeni. Waama, kazi ya kiongozi wa kwaya ni kuzisikiza sauti zinazotofautiana na kuzifanya ziimbe wimbo mmoja bila kuinyamazisha yoyote, na hiyo ndiyo kazi aliyokuja kuifanya katika siasa.

Mwaka 1944, pamoja na Anton Lembede, Walter Sisulu, Nelson Mandela na wengine, alishiriki kuunda Umoja wa Vijana wa ANC. Mwaka 1952 yeye na Mandela walifungua ofisi ya uwakili katika jumba la Chancellor House mjini Johannesburg. Kila asubuhi ofisi hiyo ilijaa watu walioshtakiwa kwa kukosa pasi, kwa kuishi mahali wasiporuhusiwa, au kwa kuingia kupitia mlango wa watu weupe. Tambo alijifunza hapo jinsi ukaburu ulivyofanya kazi: haukuwa chuki tu iliyomo moyoni mwa mtu, bali mtambo wa sheria uliosokotwa pamoja, kiasi kwamba kuiondoa sheria moja na kuziacha nyingine hakukumwachia mteja wake nafuu ya kudumu.

Alikuwa Mkristo wa dhati, na askofu alikuwa amekubali aanze maandalizi ya upadri. Mnamo Desemba 1956 alikamatwa, mmoja wa washtakiwa 156 wa kesi ya uhaini. Mwezi huo huo, akiwa nje kwa dhamana, alimwoa muuguzi Adelaide Tsukudu. Mashtaka dhidi yake yalifutwa mwaka uliofuata, lakini njia ya upadri haikufunguka tena. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa naibu wa rais wa ANC, Chifu Albert Luthuli.

Safari ya Uhamishoni

Tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 waliokuwa wakiandamana kupinga sheria za pasi huko Sharpeville. ANC ilikuwa imekwisha kuamua kuwa, iwapo ingepigwa marufuku, Tambo angetoka nje ya nchi ili awe mdomo wa chama. Siku sita baadaye alivuka mpaka na kuingia Bechuanaland, nchi ambayo leo ni Botswana, akiwa ndani ya gari la mwandishi Ronald Segal. Chama kilipigwa marufuku tarehe 8 Aprili.

Miongoni mwa vituo vyake vya kwanza ulikuwa mji wa Dar es Salaam, alikokutana na Julius Nyerere, wakati ambapo Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Uhusiano huo ulidumu. Katika Tanganyika hiyo alikuwako pia padri aliyekuwa mlezi wake wa kiroho Johannesburg, Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Makao ya ANC yalikuwa Dar es Salaam, kisha Morogoro, na hatimaye Lusaka.

Adelaide na watoto watatu waliishi London, naye akafanya kazi ya uuguzi kwa zamu ndefu ili kuilisha familia. Tambo alipita nyumbani kwake kama mgeni. Alikuwa na ugonjwa wa pumu uliomsumbua safarini, lakini safari hazikupungua. Gharama ya diplomasia yake ililipwa na watu wa nyumbani mwake kabla ya kulipwa na mwingine yeyote.

Waraka wa Lusaka na Siasa za Mazungumzo

Luthuli alifariki Julai 1967, na Tambo akawa kaimu rais wa chama. Mwaka huo huo wapiganaji wa ANC, wakishirikiana na wenzao wa ZAPU, waliingia Rhodesia kwa nia ya kufungua njia ya kurudi kwao. Hawakufika. Wengine waliuawa, wengine wakafungwa, na waliosalia walirejea wakiwa na manung'uniko dhidi ya viongozi.

Ni katika hali hiyo ambapo mwezi Aprili 1969 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na ya Kati walikutana Lusaka na kutoa waraka mashuhuri kuhusu kusini mwa Afrika. Nyerere na Kenneth Kaunda walikuwa na mkono mkubwa katika waraka huo. Ulitamka kuwa nchi hizo zingependelea majadiliano kuliko umwagaji damu, na kwamba kama ingepatikana njia ya amani ya kuwafikisha watu kwenye uhuru, zingewashauri wapigania uhuru kuifuata. Malawi haikuuunga mkono. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliupitisha mwaka huo, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likafuata.

Waraka huo ulikuwa na hekima ya kidiplomasia, kwani uliwanyima wakubwa wa Magharibi kisingizio cha kusema kuwa Waafrika wanapenda vita. Lakini kwa ANC ulikuwa na mwiba. Uliitambua Afrika Kusini kuwa dola huru na mwanachama wa Umoja wa Mataifa, tofauti na makoloni ya Msumbiji na Angola. Isitoshe, wenye nchi inayojadiliwa hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo katika kuuandika. Tambo alikuwa katika hali ngumu. Chama chake kilikula, kililala na kufunza wapiganaji katika ardhi ya walioandika waraka huo. Hofu zao zikasemwa zaidi katika vikao vya ndani kuliko hadharani, maana mgeni hamgombezi mwenyeji wake barazani.

Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, ANC ilifanya mkutano wake Morogoro. Lawama zilikuwa nyingi kiasi kwamba Tambo alijiuzulu. Wajumbe walimrudisha. Walitaka mageuzi ila hawakuona mwingine ambaye pande zote zingemwamini. Mwaka huo huo wapiganaji walitakiwa kuondoka katika kambi ya Kongwa, na wengi wao wakapelekwa Muungano wa Kisovieti. Kwa hivyo kiongozi huyo alielewa vyema kuwa hata nchi rafiki ina masilahi na hofu zake. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Serikali ya John Vorster haikuukubali Waraka wa Lusaka. Badala yake ilitafuta marafiki mmoja mmoja. Malawi ya Hastings Kamuzu Banda ilikuwa imeanzisha uhusiano wa kibalozi na Pretoria mwaka 1967, na mwezi Agosti 1971 Banda alizuru Afrika Kusini akapokewa kwa taadhima ambayo Mwafrika wa nchi hiyo hangeota kupewa. Huko magharibi, Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire alikuwa ametangaza mwaka 1970 kuwa wakati wa kuzungumza na Makaburu umefika. Hoja ya viongozi hao haikuwa ya kipuuzi. Afrika haikuwa na jeshi la kuishinda Pretoria. Vitisho visivyo na nguvu nyuma yake huchekwa. Na huenda Kaburu akimwona rais mweusi mezani pake angeanza kubadili mawazo.

Jibu la upande wa Tambo lilihusu nani azungumze na nani. Mgogoro haukuwa kati ya Pretoria na Abidjan, wala kati ya Pretoria na Zomba. Ulikuwa kati ya watawala na watu wao wenyewe, ambao viongozi wao walikuwa gerezani Robben Island. Kama Vorster alitaka mazungumzo, wa kuzungumza nao alikuwa amewafunga. Mnamo Juni 1971, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliukubali mwelekeo huo kwa kura nyingi na kuikataa siasa ya mazungumzo, ingawa kundi dogo la nchi lilipinga.

Mjadala ulirudi kwa sura nyingine baada ya utawala wa Kireno kuanguka mwaka 1974. Kaunda alifanya mazungumzo na Vorster kuhusu Rhodesia, na mwezi Agosti 1975 viongozi hao wawili walikutana katika daraja la Victoria Falls. Miezi michache kabla ya hapo mawaziri wa Afrika walikuwa wamekutana Dar es Salaam na kuchora mpaka: mazungumzo yangeweza kukubalika pale yanapohusu kuharakisha utawala wa walio wengi Rhodesia na Namibia, lakini yasingetumiwa kuuhalalisha ukaburu wenyewe. Mpaka huo ulimwezesha Kaunda kubaki mwenyeji wa Tambo na wakati huo huo kuwa msikilizaji wa Vorster.

Maasi ya wanafunzi wa Soweto, yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, yaliwaleta maelfu ya vijana uhamishoni. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na hapo ANC ikajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979.

Katiba ya Mabunge Matatu

P. W. Botha alipochukua madaraka mwaka 1978 alikuja na lugha mpya. Aliwaambia Wazungu wenzake kuwa lazima wabadilike. Katiba ya mwaka 1983, iliyoidhinishwa na takriban thuluthi mbili ya wapiga kura weupe, iliunda bunge lenye mabaraza matatu: la Wazungu, la Machotara na la Wahindi. Waafrika, ambao ndio walikuwa wengi wa wakazi, hawakuwa na baraza lolote. Hao walihesabiwa kuwa raia wa vijinchi vya kikabila. Baadaye sheria iliyokataza ndoa baina ya watu wa rangi tofauti ilifutwa mwaka 1985, na sheria za pasi mwaka 1986.

Mageuzi hayo yaliligawa tena jukwaa la kimataifa. Serikali ya Ronald Reagan nchini Marekani ilikuwa ikifuata sera ya kushirikiana na Pretoria kwa matumaini ya kuisukuma taratibu, na iliyatazama mabadiliko hayo kama ushahidi kuwa sera inazaa matunda. Tambo aliyapima kwa kigezo alichokipata katika ofisi ya uwakili: je, sheria iliyofutwa inahamisha mamlaka, au inampa aliyenyimwa mamlaka pumzi kidogo ili asilalamike? Kwa kigezo hicho, katiba ya 1983 ilikuwa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ilikuwa na ubaya zaidi, kwa kuwa ilikusudia kuwatenga Machotara na Wahindi na wenzao Waafrika.

Watu wa ndani walilijibu swali hilo kabla ya wanadiplomasia. Mnamo Agosti 1983 mamia ya vyama vya mitaa, makanisa na wafanyakazi viliunda muungano wa UDF huko Mitchells Plain, Cape Town. Uchaguzi wa mabaraza mapya mwaka 1984 ulisusiwa na wengi wa wale uliodaiwa kuwafaa. Tarehe 3 Septemba 1984, siku ambayo katiba mpya ilianza kutumika, vitongoji vya Vaal vililipuka, na moto huo ukaenea nchi nzima.

Pigo kubwa zaidi kwa Tambo katika kipindi hicho lilitoka kwa rafiki. Tarehe 16 Machi 1984, Samora Machel wa Msumbiji alitia saini mkataba na Botha kando ya mto Nkomati. Msumbiji ilikuwa imechoshwa na ukame na vita vya Renamo, waasi waliofadhiliwa na Pretoria. Kwa mkataba huo, kila upande uliahidi kutowahifadhi maadui wa mwenzake. Wapiganaji wa ANC walifukuzwa Maputo, ikabaki ofisi ndogo tu. Tambo alihuzunika, na wapo wafuasi wake waliotaka Machel aitwe msaliti. Yeye hakukubali kukata uhusiano. Alijua kuwa kamba hukatikia pembamba, na kwamba nchi inayolipuliwa madaraja haihukumiwi na aliye mbali na baruti. Baadaye ilidhihirika kuwa Pretoria haikuacha kuwasaidia Renamo. Machel alipokufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, mlango kati ya ANC na Msumbiji ulikuwa bado wazi.

Kipindi hicho hakikukosa doa. Mwaka 1984 wapiganaji waliokuwa Angola waliasi, na uchunguzi uliofanywa na chama chenyewe, pamoja na tume zilizofuata miaka ya 1990, ulithibitisha kuwa wafungwa katika kambi za ANC waliteswa. Tambo alikuwa amesaini mwaka 1980, kwa niaba ya chama, ahadi ya kuzifuata Kanuni za Geneva, na mkutano wa Kabwe wa 1985 ulipitisha kanuni za maadili. Hata hivyo, mateso hayo yalitokea chini ya uongozi wake, na wasifu wake hauwezi kuyaruka.

Mgogoro wa Jumuiya ya Madola

Mnamo Oktoba 1985 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana Nassau, Bahamas. Takriban wote walitaka vikwazo vya kiuchumi. Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, alipinga. Alishikilia kuwa vikwazo vingewaumiza kwanza wafanyakazi weusi na nchi jirani, na kwamba ukuaji wa uchumi ungeumaliza ukaburu wenyewe kwa wenyewe. Alikubali hatua chache, kama vile kuzuia uingizaji wa sarafu za dhahabu za Krugerrand, kisha akawaeleza wanahabari kuwa alichokubali kilikuwa kidogo mno. Hoja yake kuhusu majirani ilikuwa na chembe ya ukweli, kwani Zambia na Zimbabwe zilidai vikwazo ilhali sehemu kubwa ya mizigo yao ilipitia reli na bandari za Afrika Kusini. Tambo alijibu kuwa wanaoumia walikuwa tayari wanaumia, na kwamba ni wao waliokuwa wakiomba vikwazo hivyo.

Nassau ilizaa kamati ya watu mashuhuri, ikiongozwa na Olusegun Obasanjo wa Nigeria na Malcolm Fraser wa Australia. Walimwona Mandela gerezani, wakamwona Tambo Lusaka, wakaandaa mpango: serikali iwaachilie wafungwa na kuondoa marufuku ya vyama, nayo ANC isimamishe mapigano. Tarehe 19 Mei 1986, wakati kamati ikiwa bado Afrika Kusini, majeshi ya Botha yalishambulia Harare, Gaborone na Lusaka, miji mikuu mitatu ya nchi za Madola. Mpango ukafa siku hiyo. Kamati iliyotumwa kutafuta njia mbadala ya vikwazo ilirudi ikisema kuwa bila shinikizo hakuna kitakachobadilika.

Miezi iliyofuata, mgawanyiko ulionekana hata viwanjani. Nchi 32, Kenya ikiwemo, zilisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh Julai 1986. Mwezi Oktoba, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo kwa kuikiuka kura ya turufu ya Reagan. Wakati huo huo milango iliyokuwa imefungwa ilianza kufunguka. Wafanyabiashara wakubwa wa Kizungu, wakiongozwa na Gavin Relly wa kampuni ya Anglo American, walikuwa wamekwenda Zambia Septemba 1985 kumsikiliza Tambo. Septemba 1986 alikutana na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Geoffrey Howe, na Januari 1987 akakutana na George Shultz wa Marekani mjini Washington. Waliodhani watamkuta mpiganaji mwenye hasira walimkuta mwalimu wa hisabati aliyekuwa akizipanga hoja zake moja baada ya nyingine. Hata hivyo, bado mwezi Oktoba 1987 Thatcher aliiweka ANC katika fungu la magaidi.

Azimio la Harare

Kufikia mwaka 1989 Tambo aliiona hatari mpya. Vita baridi vilikuwa vikipoa, Namibia ilikuwa njiani kupata uhuru kwa mpango ulioandaliwa zaidi na wakubwa, na kulikuwa na dalili kuwa London na Washington zingeiandikia Afrika Kusini mpango wake pia. Aliamua kwamba safari hii waraka utoke kwa wenyewe. Kosa la 1969 lisirudiwe.

Rasimu ilitayarishwa, naye akaibeba mwenyewe, akisafiri katika miji mikuu ya nchi za Mstari wa Mbele kwa ndege aliyopewa na Kaunda, akisikiliza marekebisho ya kila mkuu wa nchi. Rasimu ilitaja masharti ambayo Pretoria ingepaswa kuyatimiza kabla ya mazungumzo: kuwaachilia wafungwa wa kisiasa, kuondoa marufuku ya vyama, kuondoa majeshi vitongojini, kukomesha hali ya hatari na kusimamisha kesi na hukumu za kisiasa. Ilieleza pia mambo ambayo yangefuata, kuanzia kusitisha mapigano hadi katiba mpya.

Mwili haukustahimili. Alipokuwa amerejea Lusaka mwezi Agosti 1989, Tambo alipatwa na kiharusi, akapelekwa London, na baadaye Uswidi kwa matibabu. Azimio lilipitishwa Harare tarehe 21 Agosti bila yeye kuwapo. Mnamo Desemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, bila kupigiwa kura, tamko lililojengwa juu ya msingi ule ule. Tarehe 2 Februari 1990, F. W. de Klerk aliondoa marufuku ya vyama, na siku tisa baadaye Mandela akawa huru. Marafiki hao wawili walikutana tena nchini Uswidi mwezi Machi, mmoja akitoka gerezani, mwingine akiwa hawezi kusema kwa urahisi.

Kurejea Nyumbani na Hitimisho

Tambo alirudi Afrika Kusini tarehe 13 Desemba 1990. Siku iliyofuata aliufungulia mkutano wa chama mjini Johannesburg kwa pendekezo ambalo wengi hawakulitarajia. Aliwashauri wajumbe waitathmini upya sera ya vikwazo, kwa kuwa nchi nyingi zilikuwa zinaelekea kuvilegeza, na chama kingeweza kubaki peke yake. Siku zizo hizo Jumuiya ya Ulaya iliondoa marufuku yake ya uwekezaji mpya. Wajumbe walimheshimu mzee wao, lakini walikataa ushauri wake. Kwao, mageuzi yalikuwa bado hayajahamisha mamlaka, na hicho ndicho kigezo alichokuwa amewafundisha yeye mwenyewe.

Katika kukataliwa huko hakukuwa na aibu. Yapo maoni kuwa alikuwa amechoka, na yapo maoni kuwa aliona mbali kuliko wengine. Lililo wazi ni kuwa vikwazo kwake havikuwa itikadi. Vilikuwa chombo, na chombo hutazamwa kama bado kinakata. Tambo aliukubali uamuzi wa wengi, na Julai 1991 alimpisha Mandela kwenye urais wa chama, yeye akawa mwenyekiti wa taifa. Mwaka huo pia Chuo Kikuu cha Fort Hare, kilichomfukuza miaka 49 iliyopita, kilimfanya kuwa Mkuu wa Chuo.

Alifariki tarehe 24 Aprili 1993 kwa kiharusi, wiki mbili baada ya Chris Hani kuuawa, akazikwa Wattville, karibu na Johannesburg. Uchaguzi wa kwanza ulioshirikisha watu wote ulifanyika tarehe 27 Aprili 1994, mwaka mmoja na siku tatu baada ya kifo chake. Hakupiga kura hata mara moja katika nchi yake.

Hadi leo wanahistoria hawajaafikiana kuhusu kilichouangusha ukaburu: vikwazo, vita, maasi ya vitongoji, kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti, au hesabu za wafanyabiashara wenyewe. Huenda kila kimoja kilichangia. Tambo hakuwahi kudai kuwa anajua ni kipi kingetosha peke yake. Alidai mambo mawili tu, na akayashikilia kwa miaka 30: kwamba mageuzi yapimwe kwa mamlaka yanayoyahamisha, na kwamba wanaodhulumiwa waulizwe kabla ya marafiki zao kuwajibia. Kwa kuyashikilia hayo bila kumtukana rafiki aliyekwenda kinyume, alifanikiwa kurudi nyumbani akiwa bado na marafiki, na chama chake kikiwa kimoja.